Habari za Mwili wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alirudishwa nyumbani mwishoni mwa miaka ya tisini, akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya gari la hospitali, kichwa chake kimepakatwa na mama mkwe ili kisigonge chuma kila gari lilipoingia shimoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni. Nilimwona akishushwa na dereva na mume wangu, mtu aliyekuwa mrefu na mzito, aliyepandisha mlima na vikapu viwili vya majani ya chai bila kupumzika, na sasa miguu yake ilining'inia kama ya mtoto aliyesinzia. Niligeuka nikatazama migomba. Haikuwa huzuni peke yake. Mke wa mwana hatazami mwili wa baba mkwe ukibebwa.

Sisi Abagusii tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ukikitafuta kwa Kiswahili utaambiwa ni haya, lakini haya hukupata usoni ikapita. Chinsoni ni ukuta. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Hampi mkono. Haketi kwenye kiti chake hata akiwa safarini. Hataji mbele yake, wala mbele ya watu wanaomjua, jambo lolote la mwili kuanzia shingoni kwenda chini. Nilikuwa nimeolewa katika boma lile, juu kidogo ya soko la Ekerenyo, baada ya kumaliza kidato cha nne na kujifunza cherehani, na miaka yote mimi na mzee tuliishi vizuri, yeye upande wake wa ukuta na mimi upande wangu. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli, mkulima wa chai asiyeionja chai kwa ajili ya dini. Kila asubuhi akienda shambani alipita karibu na jiko na kuuliza bila kugeuza kichwa, "Mwana wetu, mmeamka?" Nami nilijibu nikiwa ndani ya moshi, "Tumeamka, tata." Mazungumzo yetu yalikuwa hayo, na yalitosha. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu mzazi.

Daktari alikuwa amemweleza mume wangu kwamba saratani ya tezi dume ilikwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo na ya nyonga. Hapakuwa na kisu cha kuitoa wala sindano ya kuizima. Kilichobaki kilikuwa kumtuliza maumivu, na hilo lingeweza kufanyika nyumbani.

Muuguzi aliyekuja na gari lile alikuwa mwanamke wa makamo, Mkamba, mwenye sauti nzito na viatu vilivyojaa matope ya kwetu. Alimpangia mama mkwe chupa za dawa ya maji, chungu kama shubiri, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano la kuipimia. Kisha akatoa mkobani kitu cheusi, kizito kama tofali dogo, chenye mkia wa mpira.

"Hii ni redio," akasema. "Hospitali imepewa chache na wafadhili. Zinakwenda kwa wagonjwa wetu wa saratani walioko mbali na barabara. Kila asubuhi nikitoka wodini nitakaa kwenye redio ya ofisini, niwaite mmoja mmoja, mniambie mgonjwa ameamkaje. Dawa ikihitaji kuongezwa, nitawaambia palepale. Hamtahitaji kumbeba tena mpaka hospitali."

Akamgeukia mama mkwe. "Baba anasikia uchungu wapi?"

Mama mkwe, aliyejua neno moja moja tu la Kiswahili, akashtuka, akaniambia kwa Kiekegusii nimjibu mgeni kwamba yeye haumwi popote, amechoka na safari tu. Ilinibidi nimweleze muuguzi kwamba katika lugha yetu baba ni mama, na baba tunamwita tata. Alicheka, na hata mama mkwe akatabasamu, na nadhani hicho ndicho kilikuwa kicheko cha mwisho katika sebule ile kwa muda mrefu. Tangu hapo muuguzi akawa anasema "mzee".

"Nani hapa anajua Kiswahili vizuri?" akauliza.

Wote wakanitazama mimi. Mashemeji zangu walikuwa Nairobi. Mume wangu aliuza rangi na mabati mjini Kisii katika duka la familia ya Kihindi, na alikuja nyumbani Ijumaa mchana tu. Tajiri wake alimruhusu kushika Sabato, mradi Jumapili arudi kupanga stoo.

Muuguzi akanifundisha. Unabonyeza kitufe, unasema, unamaliza kwa neno "ova", unaachilia ili mwenzako naye apate kusema. Halafu akanitajia mambo atakayoyauliza. Maumivu yako wapi na ni makali kiasi gani. Amelala? Amekula? Amekojoa, na mkojo una rangi gani? Amekwenda choo, maana dawa ile hufunga tumbo? Ngozi ya mgongo na ya makalio ikoje?

Masikio yangu yalipata moto. Mama mkwe alikuwa ananivuta kanga akitaka nimtafsirie, na mzee alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, anasikia.

Jioni ile nilimwambia mume wangu, "Sitaweza."

"Basi niache kazi?"

"Sijasema hivyo. Lakini nitayasemaje mambo ya baba yako?"

Alikwaruza matope kwenye kisigino. "Utayasema kwa Kiswahili," akasema mwishowe. "Kwa Kiswahili si kama kwetu."

Kulikuwa na ukweli katika hilo. Kwa Kiekegusii baadhi ya maneno yale sikuwahi hata kuyatamka peke yangu. Kwa Kiswahili yalikuwa maneno ya kitabu cha sayansi, ya shuleni, hayakuwa na baba wala mama. Nikakubali.

Redio haikushika nyumbani. Tulikuwa bondeni mno. Nilizunguka nayo boma lote ikikwaruza, mpaka nikapata sauti ya hospitali ikitoka safi mahali pamoja tu: juu ya shamba la chai, penye jiwe kubwa linalotenganisha shamba letu na la jirani. Betri yake tuliichaji kwa betri ya gari. Tajiri wa mume wangu aliitoa kwenye pikapu yake ya zamani alipoambiwa ni ya nini. Alisema mama yake mwenyewe alikufa kwa maumivu katika nyumba iliyo juu ya duka, na siku zile hapakuwa na wa kumuuliza kitu.

Basi ikawa kila asubuhi mama mkwe anatoka chumbani, anakuja mlangoni pa jiko, ananinong'oneza hali ya mzee, nami napanda mpaka kwenye jiwe. "Hospitali, hospitali, hapa Ekerenyo. Ova." Sauti ya muuguzi ingejibu, "Ekerenyo, nakusikia. Mzee ameamkaje? Ova." Nilisema yote nikiwa nimefumba macho. Dawa ikaongezwa kidogo, ikaongezwa tena, na mzee akaanza kulala. Akaomba uji wa wimbi. Siku moja alikaa kitandani, akaimba wimbo wa kanisani mpaka mwisho, na mama mkwe akaja jikoni kunieleza kana kwamba mimi mwenyewe sikuusikia.

Kwenye chai hakuna siri. Vichaka vinafika kiunoni tu, na asubuhi ndiyo saa ya kuchuma. Wachumaji wa jirani waliinua vichwa, wakamwona mke wa mwana wa mzee wa kanisa amesimama juu ya jiwe akitangaza hewani, kwa sauti kubwa, kwamba baba mkwe wake amekojoa mara moja na choo bado. Na wao Kiswahili cha namna hiyo walikijua.

Sabato iliyofuata, mwanamke mmoja wa kanisani alikuja kumtazama mgonjwa. Aliketi karibu na kitanda, akaomba vizuri sana, na baada ya amina akasema, "Mzee, Mungu ni mwema, nimesikia tumbo lako limefunguka." Alisema kwa upendo. Sidhani kama alikuwa na ubaya wowote. Mimi nilikuwa sebuleni na birika la uji mkononi, nikasikia kitanda kikilia mzee alipojigeuza kuelekea ukutani.

Mgeni alipoondoka, mzee alisema kwa sauti ya kumfikia kila aliyekuwa ndani ya nyumba, "Kama mwili wangu utatangazwa, na utangazwe nikiwa nimekwisha kufa. Hicho kitu kifungieni."

Mama mkwe akaifungia redio kabatini, pamoja na sahani za wageni.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Maumivu hayakusubiri chinsoni. Kipimo cha dawa kilikuwa kimeshapitwa na maumivu, na hapakuwa na wa kutuambia tuongeze kiasi gani. Mzee, ambaye niliwahi kumwona akijikata mguu kwa panga na kuufunga kwa jani la mgomba bila kukunja uso, alianza kuguna. Kwanza aliguna alipogeuzwa, kisha alipopumua. Nilishona mchana kutwa nikikanyaga cherehani kwa nguvu ili mlio wake uzime ule mwingine. Mama mkwe aliacha kula. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba na vidole masikioni.

Nilitamani kulifungua kabati. Sikulifungua. Lilikuwa kabati lake.

Halafu asubuhi moja mama mkwe akaja mlangoni pa jiko, akasimama palepale alipozoea kusimama. "Mzee anauliza," akasema, "huyo mwanamke wa redio anajua kilimo?"

"Ni Mkamba, baba," nikamjibu, nikitumia neno letu la mama. "Labda anajua mahindi."

Akaenda, akarudi. "Anasema uje sebuleni."

Niliketi kwenye kigoda karibu na pazia. Mzee alizungumza ndani, polepole, akipumzika kati ya neno na neno. Nilimsikia vizuri kabisa. Hata hivyo mama mkwe alitoka na kila sentensi mkononi, akanirudia yaleyale niliyokwisha kuyasikia, nami nikaitikia kana kwamba ni mapya. Mzee alikuwa ameyafikiria. Maumivu yataitwa mvua. Yakiwa madogo ni manyunyu, yakizidi ni mvua ya mawe, ile inayotwanga chai ikabaki vijiti. Mkojo ni mfereji: unatiririka, au umeziba. Tumbo likifunguka, tuseme majani yamefika kituoni, pale yanaponunuliwa. Ngozi ni udongo. "Mwambie hivyo," mzee akasema. "Anayechuma chai akisikia, asikie habari za chai."

Nilipanda kwenye jiwe nikamweleza muuguzi. Redio ikavuma peke yake. Niliogopa atakataa, maana hospitali ina taratibu zake.

"Sawa," akasema hatimaye. "Mimi nitayaandika kwa lugha yangu. Haya, shamba likoje leo? Ova."

"Mvua ya mawe, sista. Tangu juzi. Ova."

"Pole. Mpeni dawa mara mbili ya mliyokuwa mkimpa, muda uleule. Mchana nitakuita tena. Ova."

Tuliishi hivyo kwa majuma kadhaa. Jirani aliyetusikia akadhani hospitali imeanza kununua chai. Mzee aliposikia hilo aliniletea salamu kupitia kwa mama mkwe: "Mwambie mwana wetu anafanya kazi nzuri." Asubuhi akaanza tena kuniuliza kupitia ukutani, kwa sauti nyembamba, "Mmeamka?" Nami nikamjibu kama zamani.

Lakini saratani nayo haikulala. Siku moja aliamka miguu haisikii. Mama mkwe alimfinya kidole cha mguu na mzee akamuuliza mbona hamfinyi. Nilipotoa habari hiyo, nilisahau kilimo, nikasema wazi, "Miguu yake imekufa, sista." Muuguzi hakunisahihisha. Alisema uti wa mgongo umebanwa, na kwamba miguu haitarudi. Tangu siku hiyo mfereji nao ukawa unajitiririkia wenyewe kitandani, na kazi ya mama mkwe ikawa ya watu wawili.

Na mvua za mwaka ule zikakataa kukatika. Nazungumzia mvua yenyewe sasa, ile ya mbinguni. Kilima kiliteleza, mto ukapita juu ya daraja la miti lililounganisha upande wetu na barabara kuu, kisha ukaenda nalo. Chupa ya dawa ilikuwa inakaribia kwisha.

"Gari haliwezi kupita," muuguzi alisema. "Dereva amejaribu akarudi. Mna ya siku ngapi? Ova."

"Ikifika kesho jioni itakuwa imekwisha. Ova."

"Nitaifunga hapa. Mumeo aje aichukue, azunguke kwa miguu. Nitampigia simu dukani. Ova."

Nakumbuka nilivyobaki nimeishika ile redio, maji yakinitiririka kwenye kanga. Sauti yake ilikuwa karibu kama ya mtu aliyesimama upande wa pili wa jiwe. Niliweza kumsikia akifungua droo. Nilisikia karatasi. Alikuwa na dawa mkononi, akanieleza kwamba anayo mkononi, na mzee alikuwa anaugulia pale chini, na kati yao kulikuwa na mto tu.

Mume wangu aliondoka Kisii siku ileile. Lakini kabla hajafika kulikuwa na mchana mzima wa kupita, na ndio mchana ninaoukumbuka kuliko yote.

Mama mkwe aliteleza akitoka kutupa maji machafu, akaangukia mkono, kifundo kikavimba kama kiazi. Wanaume wa jirani waliokuwa wakija kumgeuza mzee walikuwa wote mtoni wakijaribu kutandika magogo. Nilipanda kwenye jiwe.

"Udongo umepasuka, sista. Mgongoni, chini. Mama amesema panatoa maji. Ova."

"Ageuzwe sasa hivi, akaushwe. Msimwache kwenye maji. Nani yupo? Ova."

"Mama peke yake, na ameumia mkono. Ova."

"Na wewe? Ova."

Nilifuta maji usoni kwa kanga.

"Ekerenyo, unanisikia? Na wewe? Ova."

"Kwetu haiwezekani, sista. Ova."

Redio ikavuma. "Najua," akasema. "Hata kwetu si rahisi. Lakini kulala hivyo kutamwozesha akiwa hai, mama. Siwezi kukuamuru. Nakuambia tu ninachokijua. Ova."

Niliteremka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba ameushika mkono wake. Nilimwambia alichosema muuguzi. Alitazama chini, na mimi nikatazama chini, na mvua ikapiga mabati kwa kelele nyingi hata sijui mzee alitusikia vipi.

"Mwana wetu," akaita kutoka ndani. Hakupitia kwa mama mkwe. Aliniita mimi. "Ingia."

Niliinua pazia.

Sikuwahi kukiona chumba kile. Kilikuwa na dirisha dogo, na Biblia juu ya sanduku, na koti lake la kanisani limetundikwa msumarini likiwa na umbo la mtu ambaye hayupo tena. Harufu ilinipiga. Kabla sijafika kitandani mzee alinyoosha mkono, akavuta leso iliyokuwa kando ya mto wa kulalia, akajifunika uso. Akaushika mkono wake juu ya leso ili isianguke.

Tulimgeuza, mimi kwa mikono miwili na mama mkwe kwa mmoja. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa yule mtu wa vikapu viwili, nikainua kwa nguvu nyingi kupita kiasi, nusura nimwangushe upande wa pili. Nilimwosha. Nilikausha kile kidonda kama nilivyoelekezwa. Nikabadilisha shuka. Muda wote ule leso ilipanda na kushuka na pumzi yake, na hakuguna hata mara moja, ingawa dawa ilikuwa imebaki kidogo mno na najua nilimuumiza.

Nilipomaliza, akasema chini ya leso, "Basi."

Mume wangu alifika jioni, matope mapajani, chupa za dawa zimefungwa kifuani kwa mkanda. Kipimo kikaongezwa, maumivu yakashuka, mzee akasinzia. Tangu hapo nilimgeuza kila siku pamoja na mama mkwe, kwa kuwa kifundo chake kilichelewa kupona, na kidonda kikaanza kukauka pembezoni. Muuguzi alinisifu hewani. "Umefanya vizuri, Ekerenyo," alisema. "Udongo umetulia."

Alichokuwa hajui, na ambacho sikujua nimwambieje kwa lugha yoyote, ni kwamba mzee aliacha kuniamkua. Asubuhi nilikoroga uji nikisubiri ile "Mmeamka?" ipite ukutani. Haikuja. Nilijaribu kuanza mimi: "Tata, mmeamka?" Nilisikia akikohoa tu. Nikiingia alikuwa ameshajifunika leso. Hakuwa amekasirika, mama mkwe aliniambia hivyo, na aliwahi kumsikia akiniombea kwa jina katika sala zake. Lakini alikuwa amepoteza mtu wa kumwamkua. Mkamwana anayekuosha hawezi tena kuwa yule aliye nyuma ya ukuta. Nami nilikuwa nimempoteza yule aliyepita karibu na jiko. Tulikuwa tumempa ngozi nzima, tukamnyang'anya ule ukuta.

Alifariki asubuhi yenye jua. Nilikuwa juu kwenye jiwe. Usiku wake ulikuwa mzuri, mama mkwe alikuwa ameniambia hivyo, na nilikuwa nafurahi kuwa na habari njema ya kusema.

"Leo ni manyunyu tu, sista," nilisema. "Mfereji umetiririka kidogo. Amekunywa uji vijiko viwili vitatu. Ova."

"Vizuri. Na kupumua? Ova."

Nilikuwa nimebonyeza kitufe kumjibu ndipo ukunga ulipotoka chini, sauti ya mama mkwe, ndefu, isiyo na neno ndani yake. Sikukiachilia kitufe. Niligandana nacho. Ukunga ule uliingia kwenye redio, ukafika hospitalini, na kwenye zahanati zote zilizokuwa katika masafa yale, na kwa dereva barabarani. Wachumaji wa jirani waliinuka wote kwa pamoja kutoka kwenye chai.

Hatimaye nikakiachilia. Kisha muuguzi akasema taratibu, "Shuka, mama. Izime hiyo, ushuke." Hakusema ova.

Tulimzika kando ya migomba, kanisa lote likiwapo. Mashemeji zangu walikuja kutoka Nairobi na suti nyeusi, wakashukuru kila mtu kwa Kiingereza. Siku chache baadaye, barabara ilipokauka, muuguzi alikuja kuichukua redio. Kulikuwa na mgonjwa mwingine aliyekuwa anaisubiri, mama mmoja upande wa Mosocho. Niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Alinishika mkono, akakaa kidogo na mama mkwe bila maneno, kwa sababu hawakuwa na lugha ya kuongea, akaondoka na mkungu wa ndizi ambao mama mkwe alimlazimisha kuupakia.

Chai ilikuwa imekomaa kupita kiasi. Hakuna aliyeichuma wakati wa msiba, majani yalikuwa magumu na mapana, na kituoni wangetukatalia nusu yake. Hata hivyo tulishuka mimi na mama mkwe, kila mtu na kikapu chake mgongoni, tukachuma sambamba, kama inavyochumwa.

Tulipofika katikati ya shamba akaniuliza, "Huyo mwanamke alikuwa anakuuliza nini kila siku?"

Nilishangaa. Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea majibu. Lakini alikuwa hajayasikia maswali hata mara moja, si kwa lugha yake. Nikamweleza yote. Nikamtajia maumivu, usingizi, chakula, mkojo, choo, ngozi, pumzi, nikiyasema sasa kwa Kiekegusii, na hayakunichoma tena ulimi. Alinisikiliza akichuma, vidole vyake vikienda vyenyewe.

"Hakuuliza kama mzee anaogopa," akasema.

"Hapana."

"Alikuwa anaogopa," mama mkwe akasema. "Kila asubuhi ukipanda na kile kitu, alinishika mkono mpaka urudi. Alifikiri siku moja utarudi na siku yake ya kufa, kwamba huyo mwanamke anaijua na atakuambia." Akatupa konzi la majani kikapuni bila kutazama nyuma. "Nilisubiri uniulize hilo mlangoni, nikwambie. Hukuuliza."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa amekwisha kuinamia kichaka kingine. Lori la chai lilipiga honi mbali, upande wa sokoni, nasi tukaongeza mwendo ili tusiachwe.